Kilomita 42 kwa Mtu wa Kilomita 4

Mkimbiaji wa kulipwa hulipwa ili akimbie. Mkimbiaji wa ridhaa hulipa. Hulipa ada ya kujiandikisha, nauli, raba na gesti, na mwishoni hulipia dawa ya kuchua. Kwa gharama zote hizo hupewa fulana, namba ya kubandika kifuani na medali isiyouzika popote. Ndiye anayejaza barabara katika mbio zote kubwa. Wanaoonekana kwenye televisheni ni wachache wa kuhesabika, na wengi wao huwa wameshaoga na kunywa chai wakati yeye bado anauliza zimebaki ngapi.

Nchini Tanzania neno marathoni limepanuka kuliko kwingine. Rasmi ni kilomita 42 na mita 195, umbali uliopangwa kwa ajili ya Olimpiki ya London ya 1908 ili mbio ziishie mbele ya jukwaa la familia ya kifalme, kisha ukafanywa kipimo cha kudumu mwaka 1921. Mtaani, marathoni ni mkusanyiko wowote wa asubuhi wenye fulana za rangi moja, spika kubwa na mgeni rasmi, hata kama mbio zenyewe ni za kilomita 5 na mgeni rasmi anatembea. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kusema, tena bila kudanganya, kwamba ana marathoni nne mwilini, ilhali ukizijumlisha zote hazifiki nusu ya marathoni moja.

Mbio zinazomtoa mtu wa namna hiyo kwenye kilomita 5 na kumtia matatani ni za Kilimanjaro, zilizoanza Moshi mwaka 2003 na ambazo kwa kawaida huangukia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Kuna za kilomita 42, za 21 na za 5. Uamuzi wa kuchagua mojawapo hufanywa usiku, baada ya chakula, ndani ya kundi la WhatsApp. Mmoja hutuma picha ya Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kukimbia saa mbili, dakika 9 na sekunde 48. Mwingine hukumbusha habari za John Stephen Akhwari, aliyeanguka kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bendeji na kuingia uwanjani wa mwisho, jioni, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka. Uzalendo hupanda kichwani. Mtu ambaye hajagusa ngazi tangu lifti ya ofisini itengenezwe hubonyeza 42. Akhwari alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza. Mkimbiaji wa ridhaa hakutumwa na nchi wala na mtu, na mara nyingi mkewe huzipata habari hizo kwa shemeji.

Ratiba za mazoezi zinazopatikana kwenye simu huwa za wiki 16 hivi. Kwa mbio za Februari, maana yake ni kuanza Novemba. Novemba kuna harusi. Desemba kuna sikukuu, na hakuna binadamu aliyewahi kufanya tizi la kilomita 25 katikati ya pilau mbili. Mazoezi huanza rasmi wiki ya pili ya Januari, ratiba ya wiki 16 ikiwa imekunjwa kama shati ndani ya begi dogo.

Kikwazo cha kwanza si mapafu, ni lugha. Kiswahili hakijawahi kuwa upande wa mkimbiaji. Haraka haraka haina baraka. Mwenda pole hajikwai. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Polepole ndio mwendo. Anayetafuta methali moja ya kumsindikiza barabarani atakuta zote zimekaa kibarazani, zinamsubiri aanguke. Na jamii iliyozitunga bado inaziamini. Mtoto akikimbia, katumwa dukani. Kijana akikimbia, watu hujipapasa mifuko kwanza, halafu hutazama nyuma yake kama kuna wanaomfukuza. Mtu mzima mwenye kitambi akikimbia alfajiri, kuna msiba.

Mfano mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, unatosha. Mhasibu mmoja wa miaka 43 alitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, bukta mpya, simu mkononi. Mita mia nne tu mbele akawakuta wazee watatu wakirudi msikitini.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

Swali hilo halijibiwi kwa kupunga mkono. Akapunguza mwendo. "Kwema."

"Sasa mbona mbio? Nani kazidiwa?"

Kusimama ni kuharibu muda uliokwisha kuanza kuhesabiwa na simu. Kutosimama ni utovu wa adabu, na taarifa ingemfikia baba yake kabla ya chai. Akasimama, akaeleza kuhusu Moshi, kilomita 42, afya na shinikizo la damu. Wazee walimsikiliza kwa utulivu wote. Mmoja wao, aliyeonekana kuguswa zaidi, akauliza, "Na huko Moshi gari hakuna?"

Kesho yake mhasibu alibadili njia, akakutana na mbwa. Mbwa hawaulizi, ila wana imani ileile ya wazee kwamba anayekimbia ana sababu. Siku ya tatu akahamia barabara kubwa. Huko konda wa daladala alining'inia mlangoni na kumfuata taratibu kwa mita mia nzima akimwita: "Bosi, siti ipo! Bosi, unajitesa nini?" Abiria wote wa upande ule walitoa vichwa dirishani.

Dawa iliyopatikana mitaani ni klabu za jogging, zile ambazo siku za mapumziko hupita alfajiri kwa kundi, fulana za rangi moja, nyimbo na filimbi. Watu hamsini wakikimbia pamoja si msiba, ni jogging, na wazee hupisha. Klabu hizo zina faida nyingine: zinamrudisha Mtanzania kwenye mafunzo pekee ya riadha aliyowahi kupewa, yaani mchakamchaka wa shule ya msingi. Tatizo ni kwamba mchakamchaka ulikuwa na mwalimu wa zamu nyuma, ameshika fimbo. Mwili ulijifunza kukimbia kwa sharti hilo, na miaka thelathini baadaye bado unageuka kutazama kama fimbo ipo. Isipokuwepo, unatembea.

Kazi ya fimbo siku hizi imepewa programu ya simu inayopima umbali na kasi na kuwaonyesha marafiki matokeo. Haichapi, inatangaza. Jumamosi moja mhasibu alipatwa na kichomi kilomita 9 kutoka nyumbani, matokeo ya kunywa chai na chapati mbili muda mfupi kabla ya kutoka. Alijikunja, akashika ubavu, akaita bodaboda, na kwa maumivu yale akasahau kuzima programu. Bodaboda ilikwenda ikikwepa madimbwi kwa mwendo wa dakika 2 na sekunde 40 kwa kilomita. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, aliyeweka rekodi ya saa mbili na sekunde 35 kule Chicago mwaka 2023, alikimbia kwa wastani wa dakika 2 na sekunde 51. Programu ilimpongeza mhasibu kwa kombe la kuchora. Kundi la WhatsApp lilikaa kimya kama dakika kumi, kisha mtu mmoja akaandika: "Umempa shilingi ngapi?"

Raba nazo zina somo lake. Ngozi hutanuka, raba za kukimbilia, zilizoshonwa kwa nyuzi za plastiki, hazina desturi hiyo, hata muuzaji wa mitumba aape namna gani. Mhasibu huvaa namba 43. Zilizopatikana, nzuri, nyepesi, rangi ya chungwa, zilikuwa 42, na akaichukulia namba hiyo kuwa ishara. Kanuni ni kwamba mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole kingine, kwa sababu miguu huvimba katika mwendo mrefu, na kwenye mteremko husogea mbele. Katika raba zile nafasi hiyo ilipatikana, ila kwa kuvua soksi.

Chakula ndicho kipengele pekee cha mazoezi ambacho mkimbiaji wa ridhaa hukifuata kwa uaminifu. Misuli na ini huhifadhi wanga kama akiba, na kwa wakimbiaji wengi akiba hiyo hutosha kilomita 30 hivi. Ndiyo maana inashauriwa kula wanga zaidi siku mbili tatu kabla ya mbio. Ushauri huo humfikia mtu akiwa amekwisha kuutekeleza kwa miaka ishirini. Mwili una akiba nyingine, mafuta, ambayo hata mwembamba anayo ya kumfikisha mbali sana, seuze mwenye kitambi. Lakini mafuta hutoka polepole. Mhasibu aliwaeleza wenzake kwa lugha ya kazini kwamba wanga ni fedha taslimu na kitambi ni akaunti ya muda maalumu. Utajiri upo, wanauona wote, ila miguu ikidai malipo ya papo hapo, benki imefungwa.

Wageni wa mbio wanapoingia Moshi, vyumba hujaa, na mwenye ndugu hufikia kwa ndugu. Hapo ndipo hesabu zote za wanga huharibika. Mhasibu alifikia Kibosho, kwa mama yake mkubwa, na mama mkubwa hampimii mtu chakula kwa gramu. Jumamosi jioni mhasibu alianza na mtori, akapewa machalari, halafu kikaletwa kiburu, ndizi zilizopondwa pamoja na maharage, chakula kinachoheshimika sana na tumbo kwa muda wa saa sita za kwanza. Alipojaribu kueleza kwamba usiku wa kuamkia mbio haufai kwa maharage, mama mkubwa alimtazama kwa huruma. "Kula baba. Kesho una kazi." Kibuyu cha mbege aliweza kukikwepa kwa kudai yuko kwenye dawa. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu sasa nyumba nzima ilijua kwamba anaumwa na bado anakwenda kukimbia.

Asubuhi ya mbio Moshi ina uzuri wa kudanganya. Mlima wote wa mita 5,895 uko wazi, theluji inang'aa, hewa ni baridi, na kwenye Uwanja wa Ushirika muziki unamfanya kila mtu ajione Simbu. Kuna mambo mawili tu ya kufanya kabla ya kuanza. La kwanza ni kujipaka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kwenye chuchu, maana fulana iliyolowa jasho na kusugua kwa saa tano hutoa damu. Picha za wanaume wenye mistari miwili myekundu kifuani zimo katika kila albamu ya mbio. La pili ni choo. Msururu wa choo kwenye mbio kubwa ni mbio nyingine, ila mshindi wa hizi ni mwenye subira. Kiburu kilikuwa kimeamka. Simbu alitwaa dunia kwa sekunde 0.03, mhasibu alitumia dakika 19 kusogea mita kumi, na mlio wa kuanza ulimkuta wa nne kutoka mlangoni. Akabaki msururuni. Ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote aliyoyafanya siku ile.

Kuchelewa kuanza hakumzuii mtu kuanza vibaya. Nusu ya kwanza ya njia ya kilomita 42 ni tambarare kiasi: inapita mjini na kutokea barabara ya kwenda Dar es Salaam, na mtu aliyelala vizuri huona kasi ya dakika 5 na nusu kwa kilomita ni haki yake, wakati mazoezini dakika 7 zilikuwa zikimtoa machozi. Alipita wengi. Alimpita kijana aliyevaa mabawa ya malaika, akampita mzee mwembamba wa makamo ya sabini aliyekuwa akikokota miguu bila kuinyanyua. Watoto wa kando ya barabara walimpigia makofi naye akawapungia kama mgombea. Kila kituo alikunywa vikombe viwili vya maji, kwa sababu vilikuwa bure. Hilo pia halifai: maji yakizidi mno hupunguza ukali wa chumvi kwenye damu, na wapo wakimbiaji waliolazwa hospitali kwa kunywa kupita kiasi, si kwa kiu.

Kisha njia hugeuka kupanda kuelekea Mweka. Mlimani Kilimanjaro, njia ya Mweka hutumiwa na wapandaji kwa kushukia tu, kwa kuwa ni kali mno kwa kupandia. Barabara ya mbio iko chini sana ya hapo, ina lami, migomba na mibuni ya kupendeza kando, lakini ni jina lilelile na ukoo uleule. Jua la Februari sasa liko juu. Mlima wenyewe, kwa akili zake, umeshajifunika mawingu.

Kilomita ya 29 fedha taslimu zilikwisha. Dalili yake si maumivu. Ni huzuni. Miguu huwa mizito kama ya mtu mwingine, hesabu ndogo hushindikana, na mambo ya zamani hurudi. Mhasibu alijikuta akimfikiria mwalimu wa zamu wa darasa la nne kwa upendo. Mzee wa kukokota miguu alimpita bila kumtazama. Malaika naye alimpita. Halafu, kwenye kona yenye mchungwa, akasikia hatua za ndala nyuma yake. Alikuwa mama wa makamo, kanga kiunoni, kichwani mzigo wa majani ya ng'ombe mkubwa kuliko mlango, akipanda kwenda nyumbani kwake kama kila siku. Wakawa sambamba. Adabu ilibaki kuwa adabu.

"Shika... moo," alisema mhasibu.

"Marahaba. Pole baba."

Neno hilo lilimwandama hadi kileleni mwa mpando. Kila mlango, kila duka, kila mti wenye kivuli ulikuwa na mtu wa kulitamka. Kiswahili kina neno moja la kumpa rambirambi aliyepatwa na la kumwambia mtu apunguze mwendo, na mkimbiaji aliyefikia hali ile hawezi kujua anaambiwa lipi. Waongozaji wa wapanda mlima hulirudia mara mbili kama ushauri wa kitaalamu. Mama wa majani alilisema mara moja tu, akampita, na mzigo wake ukaonekana ukiyumba mbele mbele mpaka ukapotelea migombani.

Mteremko wa kurudi mjini hupokewa kwa shangwe na kila asiyeujua. Kupanda huchosha moyo na mapafu. Kushuka huharibu mapaja, kwa kuwa misuli hufanya kazi ya breki: inakaza huku ikivutwa, na nyuzinyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Wanaodai kwamba maumivu ya kesho yake ni asidi iliyoganda miguuni wanaisingizia. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Mteremko wote huo, raba namba 42 na vidole vya 43 vilifanya mengine yote.

Mita 195 za mwisho hukimbiwa uwanjani mbele za watu, kama mbio za London zilivyoishia mbele ya familia ya kifalme ya Uingereza. Mhasibu alikuwa na maneno machache kwa familia hiyo, lakini mpiga picha alikuwa amekwisha kumlenga. Kuna sheria moja inayofuatwa na wakimbiaji wote wa ridhaa duniani: akionekana mpiga picha, aliyekuwa akitembea hukimbia. Picha ilitoka nzuri. Mikono iko juu, meno yote nje, miguu yote miwili haigusi ardhi. Saa ya juu ya lango, inayosomeka vizuri nyuma yake, inasema saa 6, dakika 10, na ndiyo maana kwenye WhatsApp aliikata juu ya nywele.

Maumivu ya misuli hayafiki kileleni siku ile. Hufika siku ya pili au ya tatu. Jumatatu asubuhi nyumbani Kibosho mhasibu aligundua kwamba choo cha kuchuchumaa kilibuniwa na mtu asiyewahi kukimbia kilomita 42. Kushuka kulihitaji kushika ukuta kwa mikono miwili. Kupanda hakukuwezekana kabisa, na baada ya muda mrefu ilibidi aite. Aliyekuja ni mama mkubwa. Alisimama nje ya mlango, akakohoa kwa heshima, akapitisha mpini wa jembe kwa juu ili ajinyanyulie, na akasema neno lilelile.

Basi la kurudi Dar es Salaam lilimpa saa nyingi za kukunja magoti, na kila kituo cha kuchimba dawa alibaki kitini na kusema hana haja. Ofisini alivaa medali ndani ya shati, akaitoa mchana. Mtaani wazee wa alfajiri walimwuliza alikuwa wa ngapi. Aliwatajia. Wakanyamaza kidogo, wakampa pole, na mmoja akasema la msingi ni kwamba amerudi salama.

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa mweusi siku ileile ya mbio, ukawa wa zambarau kwa wiki kadhaa, na katikati ya Aprili ukatoka wenyewe ndani ya soksi, bila maumivu, wakati wa kikao cha bajeti. Ukucha mpya wa kidole hicho huchukua takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukua wote, kwa hiyo uandikishaji wa mbio zilizofuata ulipofunguliwa, wake ulikuwa bado haujafika nusu ya safari.